Mke Aliyemo Katika Jalada la Siri

Juma lililopita mliniacha mlangoni kwa bwana mkubwa, kofia mkononi, fomu ya upekuzi kwapani, na usoni tabasamu la mtu asiyejua kinachomngoja. Tuendelee hapo hapo mlangoni, maana tabasamu lile lilidumu siku nane tu.

Kwa aliyelikosa gazeti: mimi ni Herman Masele. Mwaka 1954 nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Shinyanga. Ofisi yenyewe sitaitaja. Nilikula kiapo kwamba sitaitaja, na ingawa serikali iliyoniapisha imekwisha kufunga virago na kwenda zake, mimi viapo naviogopa hata vikiwa vimefiwa na wenyewe.

Nilikuwa nimemchumbia Euphrasia, nesi wa hospitali ya Kolandoto. Baba yake, Mzee Pantaleo, alikubali mahari, akakubali ukoo, akaikubali hata pua yangu. Jambo moja tu lilimkaa kooni.

"Binti yangu hatalala chumba kimoja na jiko," alisema. "Siku utakayonionyesha ufunguo wa nyumba, ndiyo siku utakayoingia naye kanisani."

Nyumba ilikuwapo. Ilikuwa ya bati, vyumba viwili na baraza, nayo ilikuwa ya karani wa masjala ya siri, ambaye alikuwa amehamishiwa Tabora. Nikiipata kazi yake napata nyumba, na nikipata nyumba nampata Euphrasia. Padre alikwisha kusoma matangazo ya ndoa mara moja. Kilichobaki ni serikali iridhike kwamba mimi ni mtu wa kutunza siri.

Hapa niwaeleze siri za serikali zilivyopangwa, la sivyo hamtajua nilipotelea wapi.

Karatasi za ofisi yetu zilikuwa na madaraja kama mabehewa ya treni. Chini kabisa kulikuwa na karatasi zisizo na mhuri: bei ya pamba, maombi ya ruhusa, malalamiko ya ng'ombe waliovamia shamba. Hizo hata mfagizi alizisoma akichoka kufagia. Juu yake, zenye mhuri wa "Kwa Ofisi Tu". Juu yake tena, "Faragha", na hapo ndipo nilipokuwa nimefika mimi baada ya miaka sita ya kuamkia watu wazima kwa wadogo.

Kisha zikaja za "Siri", zenye mstari mwekundu, zikikaa katika kabati la chuma lenye kufuli mbili. Na juu ya zote, "Siri Kuu". Hizo sikuwahi kuziona, ila nilijua zimefika kwa sababu bwana mkubwa alifunga madirisha hata wakati wa joto la Oktoba.

Na mtu naye alikuwa na daraja lake. Mwenye Faragha hagusi Siri. Hata mwenye Siri hasomi kila siri, ila ile tu ambayo kazi yake inamlazimu kuijua. Ukitaka kupanda, unajaza fomu na kumtaja mtu mmoja asiye ndugu yako, anayekujua kuliko wote. Mchunguzi anakwenda kumuuliza. Anachojibiwa anakiandika, na maandishi hayo yanapewa daraja la juu kuliko lako, ili usijue umesemwa nini.

Hilo la mwisho hakuna aliyenieleza.

Mchunguzi wangu aliitwa Selestine, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye tai shingoni hata siku ya Jumamosi. Aliisoma fomu yangu kama daktari anayetazama ulimi.

"Umemtaja Kondo Pazi, fundi cherehani, Mzaramo. Anakujua vizuri?"

"Hakuna anayenijua kumshinda yeye," nikajibu. "Alipokufa baba, Kondo ndiye aliyeshuka kaburini akalala humo. Akakataa kutoka mpaka tulipompa jogoo."

Selestine akaacha kuandika. "Kwa nini?"

"Ni mtani wangu!" nikasema kwa fahari.

"Fomu haina nafasi ya mtani. Nitaandika rafiki."

Naungama mbele yenu: nilimwacha aandike rafiki. Kati ya Wasukuma wote wenye akili timamu, ni mimi peke yangu niliyeipa serikali jina la mtu ambaye mila inamruhusu kunitukana. Nanyi mnajua mtani alivyo. Mtani akiulizwa habari zako akakusifu, ujue umeshakufa na anapita kuchanga sanda.

Siku ya nane posta ikaleta bahasha kutoka makao ya jimbo.

Barua za siri zilisafiri zimevaa nguo mbili. Bahasha ya nje ilikuwa ya kawaida, na hiyo kuifungua ilikuwa halali yangu. Ndani yake kulikuwa na ya pili, yenye mstari mwekundu na lakiri, na hiyo ilikuwa haramu. Juu ya ile ya pili huwa hapaandikwi jina, ila namba ya jalada.

Namba ilikuwa arobaini na saba. Na jalada la arobaini na saba nilikuwa nimelifungua mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri: "Masele, H. Upekuzi."

Nikajiandika daftarini kwamba nimejipokea. Nikapanda ngazi na maisha yangu mikononi, yamepigwa lakiri, nikayakabidhi, nikarudi kitini kusubiri kuitwa. Haikupita robo saa.

"Masele," bwana mkubwa akasema, "kuna jambo zito limeandikwa juu yako."

"Jambo gani, bwana?"

"Siwezi kukuambia. Ni la daraja la Siri. Wewe ni Faragha."

"Basi nitajitetea vipi, bwana?"

"Eleza kwa nini si kweli."

"Kitu gani kisicho kweli?"

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasikitika kweli kweli. Hakuwa mtu mbaya. "Ungekuwa na daraja la Siri ningekusomea yote," akasema. "Lakini jambo hili ndilo linalokuzuia usipewe daraja la Siri."

Nikauliza kama kuna rufaa. Akasema ipo, ila utaratibu wake umo katika waraka, na waraka wenyewe una mstari mwekundu.

Kisha akanisogezea kiapo kipya. Nisimwambie mtu kwamba nachunguzwa. Nisitafute kujua yaliyoandikwa. Nikiyajua kwa njia yoyote ile, mimi na aliyeniambia tutakwenda jela miaka miwili. Nikatia saini. Mwandiko wangu siku hiyo haukuwa mzuri.

Kutoka hapo nikaenda kwa Kondo, na naapa kwamba sikwenda kuuliza. Nilikwenda kujaribu suruali ya harusi.

"Karibu, mtumwa wangu!" Kondo akapiga kelele kutoka kwenye cherehani, pini zimemjaa mdomoni. "Bado hawajakufunga?"

"Nifungwe kwa lipi?"

"Kumbe ile tai haijakuambia! Ilikuja hapa, ikakaa kwenye kiti hicho hicho. Ikaniuliza, Herman ni mtu wa namna gani? Nikasema, mwizi. Ikaandika! Mimi nikaona, alaa, leo nimepata mwenzangu. Nikaongeza."

"Kondo, uliongeza nini?"

"Nikasema ana mke Rwamgasa. Anaitwa Mbuke. Amemtelekeza kwenye kibanda cha nyasi, hata chumvi hampelekei, na mama wa watu meno yamemwisha kwa kulia."

Sasa mjue Mbuke ni nani. Mbuke ni mama yake baba yangu. Tangu siku niliyozaliwa ananiita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake, na pale kijijini kwetu Rwamgasa kila mtu anamwita mke wangu. Kondo nilikwenda naye mara mbili, akala ugali wa bibi, akamtongoza mbele yangu, na bibi akamfukuza kwa mwiko. Chumvi nampelekea. Meno yalimwisha kwa uzee.

"Huyo mtu hakucheka?" nikauliza.

"Hata kidogo! Ndipo nikajua ni mtani bingwa. Wale wakubwa huwa wanakizuia kicheko." Kondo akatema pini moja. "Mwisho akaniwekesha dole gumba kwamba nisimwambie mtu yeyote."

"Na wewe unaniambia mimi!"

"Wewe ni mtu? Wewe ni mtumwa wangu. Inua mguu nipime."

Nikainua mguu. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na vyote viwili vikagongana kifuani visipate njia.

Maana sasa nilikuwa nimejua. Maneno manne tu kwa bwana mkubwa yangenisafisha: Mbuke ni bibi yangu. Lakini angeniuliza, nani kakuambia habari za Mbuke? Hapo ningemtaja Kondo, na Kondo angekwenda kushona sare za wafungwa miaka miwili, nami nikimshikia uzi. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema wahenga. Wao hawakusema kata ikishaijua inafungwa wapi.

Nikanyamaza. Nikajiambia, nikikosa daraja nitatafuta nyumba kwingine, madhali Euphrasia ni wangu.

Jumapili padre akasoma tangazo la pili. Jumamosi iliyofuata Euphrasia akaja mjini kwa basi la asubuhi. Tukakaa katika hoteli ya chai karibu na stesheni. Akavua pete, akaiweka kwenye kisahani, kando ya andazi.

"Siwezi kuolewa na wewe, Herman."

"Kosa langu ni nini?"

"Siwezi kusema. Nimeapa."

"Umeapa kwa nani?"

"Hilo pia siwezi kusema."

"Ana tai?"

Euphrasia akatazama dari. Tangu abatizwe hajawahi kusema uongo, na akibanwa hutazama dari.

Nikaelewa yote. Selestine alikuwa amefika Kolandoto, maana mchumba wa mtu wa siri naye huulizwa. Alikuwa amemuuliza kwa sauti yake ile ya daktari: nesi, unamfahamu mwanamke aitwaye Mbuke, mke wa Herman Masele, wa Rwamgasa? Kisha akamsainisha kiapo.

Na jina la bibi sikuwahi kumtajia Euphrasia. Nani humtaja bibi yake kwa jina?

"Kesho padre atasoma tangazo la tatu," Euphrasia akasema, na machozi yakaanza. "Atauliza kama yupo anayejua kizuizi. Kanisa linasema nikinyamaza ni dhambi. Serikali inasema nikisema ni jela. Mimi nimekosa mahali pa kusimama, Herman. Afadhali nisiolewe kabisa."

Niliumia. Sina neno lingine la kupamba. Yule niliyemtafutia nyumba ya bati alikuwa analia juu ya andazi kwa ajili ya mke niliyezaliwa nikamkuta ana mvi. Dawa ya machozi yake ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na ulimi wangu ulikuwa mali ya serikali.

Ndipo likanijia wazo. Hadi leo naliona lilikuwa wazo zuri.

"Euphrasia," nikasema, "mwombe padre asubiri Jumapili moja. Kisha uje nami Rwamgasa."

Kusikia Rwamgasa akashtuka kama aliyeguswa na pasi ya moto.

"Sitakuambia neno," nikasema, "na wewe usiniambie neno. Utatazama tu. Kutazama hatukuapia."

Alifikiri mpaka chai ikapoa. Mwisho akaichukua pete. Hakuivaa. Aliifunga kwenye pindo la khanga.

Mzee Pantaleo hakuwa mtu wa kumwachia binti yake asafiri na mwanamume ambaye hajaonyesha ufunguo. Akamtuma dada mkubwa wa Euphrasia, Justa, naye Justa akakaa katikati yetu tangu stesheni ya Shinyanga: katikati kwenye treni, katikati kwenye kivuko, katikati juu ya magunia katika lori la kwenda Geita. Kutoka Geita tulibahatisha lori jingine lililopeleka vyuma kwa wachimbaji, na Justa akakaa katikati yetu na vyuma.

Mimi nilitazama udongo mwekundu na mashimo ya watu wanaotafuta dhahabu, nikawaza kwamba wenzangu hawa wanachimba kitu kilichofichwa na Mungu, wala hakuna anayewasainisha kiapo.

Tukashuka Rwamgasa jua likiwa la saa nne. Jirani yetu Bujiku alikuwa anatwanga mawe yake kwenye kinu cha chuma. Akatuona, akaacha mchi.

"Mwangaluka, ngosha!" akanisalimia Kisukuma kwa sauti kubwa. "Umemkumbuka mkeo leo? Yumo ndani, alisema umemtupa!"

Euphrasia akasimama pale pale. Nikamwona amefumba macho, mkono umekamata lile pindo la khanga lenye pete.

"Twende," nikasema. "Kutazama tu."

Mlango wa nyumba ya nyasi ukafunguka. Bibi Mbuke akatoka, mgongo umepinda, fimbo mkononi, mdomoni hana hata jino moja la kumsingizia. Akanitazama. Akamtazama Euphrasia kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Shikamoo nini! Mume mzima unaniamkia kama mgeni?" Bibi akamnyooshea Euphrasia fimbo. "Na huyu ndiye mke mwenza uliyeniletea? Mweupe wa meno, namwonea wivu. Mimi Mbuke sigawani chungu na mtu, asikie!"

Euphrasia akafumbua macho.

Alimtazama bibi, akanitazama mimi, akamtazama bibi tena. Nikaliona lile jina likimwingia na kukaa mahali pake. Kisha akacheka. Hakucheka kinesi, mkono mdomoni. Alicheka mpaka akainama, akakaa chini kwenye vumbi na khanga yake ya safari, machozi yanamtiririka, na huku akicheka akafungua pindo na kuivaa pete.

Nami nikacheka. Kicheko cha kwa Kondo, kilichokuwa kimekwama siku zile zote, kikapata njia. Hakuna aliyevunja kiapo. Hakuna aliyesema neno. Nilijiona mwerevu kuliko serikali mbili zikiunganishwa.

"Karani Masele," sauti ikasema.

Selestine alitoka nyuma ya nyumba, tai shingoni, daftari chini ya kwapa, mkononi bakuli la uji wa bibi.

Akaweka bakuli chini taratibu. "Nilifika jana," akasema. "Nimemwona Mbuke na nimemuuliza. Nimeandika: umri, zaidi ya themanini. Uhusiano, mama wa baba. Tuhuma haina msingi, imefutwa. Asubuhi hii nilikuwa naandika mstari wa mwisho, kwamba upewe daraja la Siri."

Akanionyesha. Ulikuwapo. Wino haujakauka vizuri.

Moyo wangu uliruka ukagonga meno. Nyumba ya bati ilikuwa yangu tangu asubuhi! Ningekaa Shinyanga nikanywa chai yangu kimya, juma lijalo ningekabidhiwa ufunguo.

"Nakushukuru, bwana Selestine," nikasema.

"Ngoja." Akamgeukia Justa. "Wewe dada, umemsikia bibi huyu akimwita karani mume wake?"

"Nimemsikia."

"Mbona hukucheka?"

Justa akamshangaa. "Nicheke nini, baba? Hata bibi yangu ananiita mke mwenza. Kila mtu ana bibi."

"Ndivyo," Selestine akasema. "Kila mtu ana bibi."

Akageuza ukurasa mpya, akaandika tarehe. Nikaanza kuelewa, na kicheko changu kikafia njiani. Bibi anayemtania mjukuu hamchekeshi mtu mzima mpaka akakaa vumbini. Anayecheka vile ni yule tu aliyekuwa anamwogopa Mbuke kabla hajamwona. Euphrasia alikuwa na ruhusa ya kumwogopa, kwani aliambiwa na Selestine mwenyewe. Swali lilikuwa moja: mimi niliyemleta hapa, safari yote kutoka Shinyanga, kuja kumwonyesha mwanamke huyu huyu, nilijuaje?

Na mimi nilikuwa nimecheka pia, kwa sauti kubwa, mbele ya mchunguzi.

"Nesi," Selestine akasema kwa upole, "wewe husemi uongo, nimeandika hivyo katika jalada lako. Nieleze mambo mawili. Ulikuwa unacheka nini? Na nani alikuambia uje kutazama?"

Bujiku alikuwa ameacha kutwanga. Bibi alitutazama mmoja mmoja, akanivuta shati.

"Mume wangu, mbona mke mwenza hajibu?"

Nilimtazama Euphrasia, nikamwomba kwa macho, kwa nguvu zangu zote, atazame angani, atazame paa la nyasi, atazame popote pa kutazamwa. Hakutazama juu. Aliipangusa khanga yake vumbi, akasimama wima na pete yake kidoleni, akamtazama Selestine usoni, akafungua mdomo.